Nani ameshika kamera? Historia ya picha kutoka Unguja hadi Maskati

Safari ya leo inatupeleka Maskati, mji mkuu wa Oman, ambako Kiswahili husikika katika soko la Matrah, maofisini na katika mabaraza ya nyumba nyingi zenye nasaba na Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki. Tutazungumzia kamera: jinsi ilivyowafikia watu wa pande hizi mbili za bahari, nani aliyeishika kwa muda mrefu, na mambo gani ya msingi ambayo anayeanza leo kujifunza kupiga picha kwa kamera ya dijitali yampasa ayajue.

Natuanze na picha ambayo wengi wenu mnaijua. Ni siku ya Idi, jua limeshapanda, na ukoo mzima umekusanyika uani mbele ya ukuta mweupe. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi zikanyooka. Katikati amekaa babu, mtu mweusi wa rangi, na mapajani mwake yuko mjukuu mweupe. Hiyo ndiyo sura ya familia nyingi za Maskati, ambamo damu ya Bara Arabu na ya Afrika imechanganyika kwa karne nyingi. Kijana wa nyumbani anabonyeza kamera yake mpya. Picha inapotazamwa, kanzu zimekuwa za kijivu, mjukuu anaonekana vizuri, lakini uso wa babu umegeuka kivuli kisichoonekana ndani yake ila ndevu. Kijana anailaumu kamera. Babu, kwa upole, anaulaumu uzee.

Ukweli ni kwamba kamera haikukosea. Imefanya kile ilichofundishwa na walioitengeneza. Ili tujue ilifundishwa nini, na vipi kijana huyu anaweza kuifundisha upya, hatuna budi kurudi nyuma.

Neno kamera ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Lakini miongoni mwa walioeleza vyema zaidi kazi ya chumba hicho ni mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufariki Cairo takriban mwaka 1040. Katika kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Manazir, alieleza kwamba jicho halitoi mwale wa kwenda kuvigusa vitu, kama walivyodhani baadhi ya Wagiriki wa kale. Mwanga ndio unaotoka kwenye vitu ukaingia jichoni. Aliziweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na kila taa ikatoa doa lake la mwanga ukutani. Alipoifunika taa moja, doa la taa hiyo peke yake lilitoweka. Kamera zote zilizokuja baadaye ni chumba hicho hicho kilichopunguzwa kikatosha mkononi.

Kilichobaki kilikuwa ni kuifanya taswira iliyo ukutani isitoweke. Tarehe 19 Agosti 1839, mjini Paris, ilitangazwa hadharani njia ya Louis Daguerre ya kuinasa taswira juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka uliofuata, meli iitwayo Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan aliyetawala Maskati na Zanzibar kwa pamoja, ilitia nanga New York. Mjumbe wa Sayyid Said, Ahmad bin Naaman, alichorwa huko kwa rangi za mafuta na mchoraji wa Kimarekani, Edward Mooney. Kamera ilikuwa bado changa mno.

Hata hivyo haikupita miaka 10 kabla haijafika mwambao. Kati ya mwaka 1846 na 1848, Charles Guillain, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, aliizunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa shughuli za serikali yake, na katika msafara huo zilipigwa picha za mabamba, ambazo baadaye zilichorwa upya na kuchapishwa katika albamu ya kitabu chake. Hivyo basi, baadhi ya picha za mwanzo kabisa za watu wa pwani yetu tunazozijua zilipigwa na wageni waliokuja kupima bandari na biashara. Waliopigwa walitakiwa wakae kimya pasi na kutikisika, na kisha picha zikapakiwa melini zikaenda zake.

(Muziki)

Wasikilizaji wapenzi, baada ya kifo cha Sayyid Said mwaka 1856, na uamuzi wa mwaka 1861 uliotenganisha utawala wa Zanzibar na ule wa Oman, kila upande ulikutana na kamera kwa njia yake.

Zanzibar iliizoea mapema. Sultani Barghash bin Said alipozuru Uingereza mwaka 1875, alipigwa picha London kama walivyopigwa wafalme wengine wa zama zake. Kufikia miaka ya mwisho ya karne ya 19, Mji Mkongwe ulikuwa na studio za A. C. Gomes na J. B. Coutinho, watu wenye asili ya Goa. Studio hizi ziliwauzia wasafiri kadi za posta zenye picha za wenyeji, na chini ya picha nyingi za aina hiyo liliandikwa kabila au kazi ya mtu, jina lake likaachwa. Mwanamke aliyejitanda kanga zake mpya akageuka kuwa mfano wa wanawake wote wa Kiswahili, na hata leo wajukuu zake, kama wapo, hawana njia ya kumtambua.

Lakini studio zilikuwa na upande wa pili. Wenyeji nao walikwenda kwa hiari yao, wakalipa fedha yao na kuchagua nguo na mkao wao. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo, na baadaye mwanawe, Rohit Oza, akairithi kazi hiyo. Humo walipita maharusi, wanafunzi, wanasiasa na watumishi wa serikali. Mpiga picha aliwajua kwa majina, naye alijua wapi pa kuielekeza taa ili uso uonekane.

Maskati ilichelewa. Mwaka 1904 msafiri wa Kijerumani Hermann Burchardt aliufikia mji huo baada ya kuzunguka mashariki ya Bara Arabu na kamera yake. Mwingereza Wilfred Thesiger, ambaye wasikilizaji wetu wa Kenya watamkumbuka kwa kuishi miaka mingi Maralal, alilivuka jangwa la Rub al-Khali mara mbili kati ya mwaka 1946 na 1948. Kamera yake aliitia katika mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mchanga usiingie. Picha zake za wenzake wa safarini, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, zinapendwa sana nchini Oman, lakini filamu zake zimehifadhiwa Oxford.

Wakati huo, chini ya Sultani Said bin Taimur, aliyetawala kuanzia mwaka 1932 hadi 1970, malango ya Maskati yalifungwa baada ya jua kutua, na aliyetembea usiku alilazimika kushika taa mkononi. Katika nchi ambayo shule za serikali zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kujifunza kupiga picha lilikuwa jambo la mbali kabisa.

Kisha historia ikazikutanisha tena pande mbili hizi, kwa uchungu. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwaua watu wengi na kuwafanya maelfu wengine kukimbia, wakiwemo wengi wenye asili ya Oman. Sultani Qaboos bin Said alipochukua madaraka tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warejee kuijenga nchi. Wengi waliokuja kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, wakaingia maofisini, mashuleni, hospitalini na katika kampuni za mafuta. Mtu anayekimbia hachukui kabati wala kitanda, lakini picha inaingia ndani ya Msahafu au katikati ya nguo. Si ajabu, basi, kwamba katika nyumba za Maskati bado mnaweza kukuta picha yenye mhuri wa studio ya Unguja, imeanza kugeuka manjano, na bibi mmoja tu ndiye aliyebaki anayewajua wote waliomo.

(Muziki)

Natuje sasa kwenye kamera yenyewe. Kamera anayoishika kijana wetu ni ile inayoitwa SLR ya dijitali, ambayo hapa tutaiita kamera ya kioo. Ndani yake mna kioo kidogo kilicholala upande. Mwanga unaoingia kwenye lenzi hugonga kioo hicho, ukapanda juu na kufika jichoni, kwa hiyo mpiga picha huona kile kile kinachoonwa na lenzi. Akibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia lililo nyuma yake linafunguka na kufungika, na mwanga unanaswa. Ule mlio mnaousikia ni wa kioo na pazia. Kampuni ya Nikon ilipotoa kamera yake ya F mwaka 1959, aina hii ya kamera ndiyo iliyokuja kutawala mikononi mwa waandishi wa habari duniani.

Kilichobadilika baadaye ni kinachonasa. Mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak iliuza kamera ya kioo ya dijitali iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon, na mpiga picha alibeba begani kifaa cha kuhifadhia picha. Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, na mwaka 2003 Canon EOS 300D iliuzwa Marekani kwa bei iliyo chini ya dola 1,000. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kuingia. Kodak yenyewe, iliyoizaa kamera hiyo, iliomba kinga ya mufilisi mwezi Januari 2012. Na tangu mwaka 2018 kampuni kubwa zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, kiasi kwamba kamera za kioo zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu. Kwa mwanafunzi hilo si baya, kwani misingi ni ile ile.

Misingi hiyo ni mitatu, na Muomani anayo njia nyepesi ya kuielewa: falaj, yaani mfereji wa kale unaoleta maji mashambani, ambao mitano ya aina yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Maji yanayoingia katika shamba la mtu hutegemea upana wa mlango wa mfereji na muda ambao mlango uko wazi, muda ambao wazee waliupima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Jambo la tatu ni mimea yenyewe, kwani upo unaoridhika na maji kidogo na upo unaotaka mengi.

Katika kamera, mlango ni tundu la lenzi, linalofanya kazi kama mboni ya jicho. Upana wake huandikwa kwa herufi f na tarakimu, na hapa wengi hukwama, maana tarakimu ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Sababu ni kwamba tarakimu hiyo ni kigawanyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2 ina tundu la milimita 25, na ikiwekwa f/8 tundu ni la milimita 6 na robo. Tundu pana huufanya uso uwe wazi na vilivyo nyuma vififie. Tundu jembamba huvionesha vya karibu na vya mbali kwa pamoja.

Muda ni kazi ya pazia, ambalo hufumba na kufumbua kama kope. Sehemu moja ya 1,000 ya sekunde humsimamisha shakwe hewani juu ya soko la samaki la Matrah. Nusu sekunde huyafanya mawimbi ya pwani yaonekane kama moshi, ila kamera sharti isimamishwe juu ya miguu mitatu. Jambo la tatu, ule ukame wa shamba, ni kipimo cha ISO. ISO 100 hutaka mwanga mwingi na hutoa picha safi, na ISO 3,200 huridhika na taa moja ya kibaraza, lakini picha hupata chengachenga.

Kanuni ya zamani ya watu wa filamu ingali inafaa: penye jua kali weka f/16, na muda uwe moja ya ile tarakimu ya ISO. Kwa ISO 100 ni moja ya 100 ya sekunde. Ukitaka tundu pana la f/4 ili ukuta ulio nyuma ya babu ufifie, mwanga unaoingia umekuwa mara 16 zaidi, basi punguza muda mara 16, uwe moja ya 1,600. Unachokitoa hapa unakirudisha pale. Anayeielewa hesabu hiyo moja ameshapita lango la kwanza la elimu ya picha.

Lakini bado hatujamtoa babu kivulini, na hapa ndipo historia inaporudi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu ni nini wala uso ni nini. Kimefundishwa kudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Kikikutana na ukuta mweupe na kanzu nyeupe, huona mwanga umezidi, kikaupunguza mpaka weupe uwe kijivu. Katika kuupunguza, uso mweusi unazama kabisa. Katika miji ya theluji kosa hilo huharibu picha za milima. Maskati, mji wa kuta nyeupe na kanzu nyeupe, kosa hilo huwafuta watu.

Nalo halikuwa la kipimo peke yake. Enzi za filamu za rangi, Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi iliyokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, ikajulikana kwa jina la kadi ya Shirley. Ngozi yake ikiwa sawa, basi picha zote zilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyeichunguza historia hiyo, alielezwa na watu waliofanya kazi Kodak kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe kwa rangi za kahawia na nyeusi ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, walioona bidhaa zao hazitoki vizuri. Malalamiko ya watu kuhusu nyuso zao hayakuwa yamesikika kwa nguvu hiyo.

Dawa yake, kwa mwenye kamera ya kioo, ni ndogo. Kwanza, iondoe familia juani uipeleke kwenye kivuli cha baraza, nyuso zikielekea upande wenye mwanga. Pili, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja, maana yake mwanga mara mbili. Tatu, itazame picha na ujiulize maswali mawili: je, mikunjo ya kanzu ingali inaonekana, na je, macho ya babu yanaonekana? Kanzu ikiwa imepotea katika weupe mtupu, rudisha kidogo, kwa sababu katika dijitali weupe uliopotea haurudi. Na ukiupima uso wa babu peke yake, kamera itataka kuugeuza kijivu na kumfanya mweupe kuliko alivyo, kwa hiyo hapo punguza. Kusudio ni kumwonesha alivyo.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, yapo mambo mengine ya Maskati ambayo mwanafunzi atayajua kwa kuungua. Ukitoka katika chumba chenye kiyoyozi wakati wa joto na unyevu, lenzi hufunikwa na ukungu, basi itoe mapema ikiwa ndani ya mfuko wake na uisubiri. Saa sita mchana jua huchimba mashimo chini ya nyusi, basi amka alfajiri, wakati ngome za Jalali na Mirani zinapopata rangi. Wapiga picha wa Oman wameyajua hayo vyema, na kazi zao zimetunukiwa katika mashindano ya FIAP, shirikisho la kimataifa la sanaa ya upigaji picha.

Hata hivyo, kazi ninayoiona kuwa ya dharura kuliko zote haihitaji kutoka nyumbani. Tufani Gonu ilipoipiga Oman mwezi Juni 2007, maji yaliingia majumbani katika mitaa kama Qurum, na karatasi haina ubavu mbele ya maji. Kamera ile ile ya kioo inaweza kuinakili albamu nzima. Iweke picha ya zamani kwenye meza karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, isimamishe kamera juu yake ikitazama chini, weka ISO 100 na f/8, na utumie saa ya kamera ili mkono usiitikise. Kisha hifadhi nakala katika nyumba zaidi ya moja, kwani picha ya dijitali nayo hufa siku diski inapokufa, tena bila hata kugeuka manjano.

Halafu keti na bibi, umwulize majina. Huyu ni nani, na huyu aliyesimama nyuma, na hapa ni Vuga au Malindi? Yaandike yote. Wenye studio za kale waliuza sura za watu wetu pasi na majina, na hilo haliwezi kurekebishwa tena. Lakini mwenye kamera leo ni mjukuu, na majina bado yako kinywani mwa bibi. Idi ijayo babu akiitwa tena uani, asogezwe kivulini, aongezewe ile hatua moja ya mwanga, na aandikwe jina lake.